Toroli Siku ya Roketi

Bi Sabuni alikuwa mtunza vyoo vya umma kando ya uwanja mkubwa wa mjini, na kazi hiyo aliifanya pamoja na wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Jina la Sabuni alipewa na madereva wa teksi waliojisaidia pale, kwa sababu hakumruhusu mtu atoke bila kunawa. Alikuwa na maneno machache, na uchafu wa watu haukuwahi kumtia kinyaa. Ni uchafu tu, alikuwa akisema, unaumwagia maji unakwenda zake.

Kinyaa alikijua siku ya roketi.

Kabla ya siku hiyo mji ulikuwa haukaliki. Roketi ilikuwa inarushwa kutoka nchi ya mbali kuelekea mwezini, ikiwa na watu ndani, na kampuni moja ya soda ilikuwa imesimamisha skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa katikati ya uwanja ili watu waione mubashara. Vinyozi walichora roketi kwenye visogo vya vijana. Redioni hakukuwa na habari nyingine. Watu ambao hawakuwahi kuinua shingo kuutazama mwezi sasa walibishana kwenye foleni ya mkate juu ya mafuta ya roketi, nusura wakunjane mashati. Hata wifi alikuwa ameingiwa na homa hiyo. Alijipatia kofia ya karatasi yenye ncha, akaivaa juu ya kilemba chake, akawa anadeki nayo.

Mchana ule uwanja ulifurika. Kuruka kwa roketi kukaahirishwa, kukaahirishwa tena, na watu wakazidi kunywa soda ya bure. Yote waliyoyanywa yakaishia kwa Bi Sabuni. Ilipofika alasiri mabomba yalikuwa yamekauka, kwani kampuni ilikuwa imeyavuta maji yote kwenda kwenye chemchemi ya mapambo jukwaani. Foleni ikavunjika. Wanaume wakageukia ukuta, kisha milango, kisha ndoo ya kudekia. Mmoja alijisaidia kwenye sinki huku macho yake yako kwenye simu, akatoka bila kufunga zipu.

“Wanalenga mwezi,” wifi alisema huku akisukuma maji machafu kwa ufagio, “na tundu lililo chini ya miguu yao linawashinda.”

Bi Sabuni alicheka. Hakucheka tena siku ile.

Muda mfupi baadaye akaja mzee mmoja waliyemfahamu kwa sura, mchomelea vyuma aliyeacha kazi macho yalipoanza kufifia. Alikuwa amevaa suti na tai, jua lote lile. Bi Sabuni alimwonea huruma, akamfungulia choo cha mwisho alichokuwa amekifunga watu wasiingie, akamwachia na kopo la maji. Mzee akashukuru, akaingia.

Hakutoka. Nje kelele zilikuwa zikipanda, ikisemwa kwamba safari hii roketi inaruka kweli. Bi Sabuni akagonga mlango, akasikia mkoromo. Wifi akapanda juu ya ndoo, akachungulia, akashuka mbio. Mzee alikuwa chini, mdomo umekwenda upande. Wakavunja komeo kwa mpini wa ufagio.

Bi Sabuni akakimbilia hema la huduma ya kwanza la kampuni ya soda, lililokuwa karibu tu. Manesi wawili walikuwa wamesimama juu ya viti ili waione skrini vizuri. Akawaeleza. Mmoja wao akamwambia, bila kugeuka, asubiri kidogo tu, mama, inaruka sasa hivi. Akamvuta shati, nesi akajikung'uta kama anayefukuza nzi.

Basi akaugeukia umati, akapiga kelele kwamba kuna mtu anakufa chooni, aje mtu mwenye nguvu amsaidie kumbeba. Bwana mmoja aliyekuwa mbele, amembeba mwanawe mabegani, akamtazama kuanzia ndala zake hadi glavu zake za mpira.

“Toka mbele, unatuziba,” alisema. “Choo kikiziba zibua. Si ndiyo kazi yako?”

Waliosikia wakacheka. Bi Sabuni akahisi kitu kikipanda kutoka tumboni hadi kooni, kichungu, na akageuka haraka asije akamtapikia yule mtoto.

Aliporudi ndani, yeye na wifi wakachukua toroli la takataka, wakalimwaga, wakatandika shuka, wakamlaza mzee. Hospitali ilikuwa upande wa pili wa uwanja na barabara ya kuzunguka ilikuwa imefungwa, kwa hiyo ilibidi wapite katikati ya watu. Wakasukuma. Uwanja mzima ukaanza kuhesabu kwa kurudi nyuma, kwa sauti moja. Hakuna aliyewapisha. Bi Sabuni akawa anawagonga visigino kwa gurudumu bila kuomba radhi. Aliyegongwa aligeuka na matusi mdomoni, akaona miguu ya mzee inaning'inia, akacheka, akaelekeza simu yake kwao, kisha akairudisha kwenye skrini. Roketi iliporuka watu walirukaruka na kumwagiana soda, na soda ikamwagikia mzee usoni. Bi Sabuni akaifuta kwa mkono wa gauni lake. Kiatu kimoja cha mzee kilipodondoka, mama mmoja mjamzito alikiokota, akawafuata nacho hadi getini. Ni huyo tu aliyewasaidia.

Mzee hakufa. Daktari alisema wangechelewa zaidi kidogo wangemzika. Lakini mkono wa kulia ulikuwa umelegea na maneno hayakutoka. Nje ya wodi, wifi aliivua ile kofia yake, akaikunjakunja, akaitupa kwenye pipa.

Asubuhi picha yao ilikuwa kwenye simu ya kila mtu. Wanawake wawili, toroli, na mzee amepinda mdomo. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba roketi ya kwetu nayo imeruka, na maelfu walikuwa wameipenda. Dereva teksi alimwonyesha Bi Sabuni akidhani atafurahi. Bi Sabuni akaingia choo cha pili, kile alichokuwa ametoka kukisafisha, akatapika.

Siku iliyofuata akaja kijana wa matangazo kutoka kampuni ya soda, amevaa raba nyeupe, anakanyaga kwa ncha za vidole. Alimwita shujaa. Alitaka kumpiga filamu akisukuma lile toroli, amevaa fulana ya kampuni, na akauliza kama mzee anaweza kuletwa alale humo tena kwa muda mfupi. Bi Sabuni aliweka ndoo chini.

“Hema lilikuwa lenu,” alimwambia. “Nikaambiwa nisubiri. Sasa wewe, mwanangu, usisubiri. Ondoka.”

Kijana akajaribu kutabasamu. Wifi akamwaga maji ya kudekia karibu na zile raba, naye akaondoka.

Jumapili walikwenda kumtazama mzee. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa akimlisha uji na kumfuta kidevu. Alieleza kwamba baba yake, alipokuwa kijana, alisikia habari za watu kutua mwezini kupitia dirisha la jirani mwenye redio, akasimama nje hadi redio ikazimwa, na tangu wakati huo alitamani aone kwa macho. Kwa siku kadhaa sasa alikuwa akinyanyua kidole cha mkono wa kushoto kuelekea dari, na binti hakuwa na moyo wa kumwonyesha roketi ile.

Bi Sabuni hakuwa na hamu ya kuiona roketi ile maisha yake yote. Hata hivyo aliichukua simu ya binti, akafungua video ya kuruka kwake, akaiweka mbele ya uso wa mzee, karibu, kwa sababu ya yale macho. Kelele za watu zikatoka kwenye simu, na kichefuchefu kikamrudia palepale. Mzee alitazama mdomo wazi, machozi yakimtiririka upande mmoja. Ilipokwisha akanyanyua kidole tena.

Bi Sabuni akairudisha mwanzo. Aligeuza uso wake dirishani, akabana pumzi, na mkono ulipochoka akahamishia simu mkono wa pili.