Mfano Hai wa Kuanguka kwa Roma

Jacques alikuwa kinyozi katika saluni ya Maman Valérie, kwenye mtaa mmoja nyuma ya soko kubwa la Durban, na hakuna aliyemjua kuwa kitu kingine. Alisema kwao ni Kisangani, kwamba kule alikuwa dereva wa malori, na kwamba vita vya mwaka 1997 vilimfukuza kama vilivyofukuza wengine. Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi na mkono wake haukuwa na papara.

Maman Valérie alimpenda kwa sababu nyingine. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na mdogo wake, Léonce, alipigwa risasi akafa mlangoni mwa nyumba yao. Waliompiga hawakuwa adui. Walikuwa askari wa serikali ya nchi yake mwenyewe, wakikimbia vita huku wamelewa, wakitafuta gari la kuwabeba. Siku aliposimulia habari hiyo mara ya kwanza, saluni ikiwa tupu, Jacques aliweka chini mashine ya kunyolea akasema, "Pole sana, Maman." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo chakula chake cha mchana kilitoka kwenye sufuria ya Valérie, na akipata nyama, naye Jacques alipata nyama.

Jumapili walikwenda pamoja kanisani Cato Manor. Baada ya ibada, mchungaji alimwachia ukumbi mwalimu mmoja Mrundi aliyeitwa Ildephonse. Huyu alikuwa amefundisha historia kwenye lisee moja, shule ya sekondari, ya Gitega mpaka mvi zikaanza kumwota, na sasa alikuwa akipakia makatoni kwenye ghala moja la Clairwood. Alitaka kuwafundisha wakimbizi wenzake chochote, ilimradi ubao usimsahau. Alichagua Roma ya kale.

"Nimetafuta vita ambavyo ndani yake hakuna hata mmoja wenu aliyepoteza ndugu," alisema siku ya kwanza. "Nimevipata hivi tu."

Watu walicheka. Mwanzoni walibaki kwa ajili ya chai na mikate. Baadaye walibaki kwa ajili ya Roma yenyewe. Aliwaeleza jinsi watawala walivyopunguza fedha kwenye sarafu mpaka askari akilipwa mshahara hajui amelipwa nini. Aliwaeleza jinsi majenerali walivyoacha mipaka wazi ili wakapigane wao kwa wao, kila mmoja akikitaka kiti. Na Jumapili moja aliwaeleza habari za Wagothi, watu waliokimbia vita wakafika kwenye mto Danubi, wakasimama ng'ambo na wazee na watoto wao, wakaomba kuvuka.

"Na walikuwa na karatasi?" akauliza mama mmoja kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Ruhusa walipewa, mama. Chakula ndicho hawakupewa. Kaisari alikitoa, wakubwa wa mpakani wakakiuza. Njaa ilipozidi waliletewa nyama ya mbwa, na bei ya mbwa ilikuwa mtoto. Toa mtoto, chukua mbwa. Baada ya miaka miwili watu walewale walilimaliza jeshi la Roma uwanjani, na Kaisari akafia humo humo."

Hakuna aliyecheka tena. Jacques, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi.

Wakawa marafiki. Jacques alimnyoa Ildephonse, aliyemwita Prof, bila malipo, na Prof alimtembelea chumbani kwake siku za mapumziko, wakapika sombe, majani ya muhogo, na ndakala, dagaa wakavu, wakala bugali kwenye sahani moja. Katika siku mojawapo ya hizo, mwezi wa tisa, mvua ikinyesha mchana kutwa, Ildephonse alikaa kitandani akaanza kulalamika.

"Vitabu vinanipa sababu mia moja za Roma kuanguka," alisema. "Kodi, tauni, watawala wabovu. Nakubali zote. Lakini kuna kitu sikielewi, mdogo wangu. Sielewi ile asubuhi yenyewe. Askari yuko ukutani. Ana mkuki, amekula kiapo, baba yake alisimama pale pale. Halafu asubuhi moja hayupo. Kichwani mwake kulipita nini?"

Jacques alikuwa akikoroga sombe. Aliendelea kukoroga kwa muda.

"Mi najua, Prof," alisema.

Akamweleza. Hakuwa dereva wa malori kamwe. Alikuwa sajenti, miaka tisa jeshini. Walipowekwa kuulinda mji, mafuta ya magari yao yaliuzwa na wakubwa, mchele wao uliuzwa, hata dawa za majeruhi ziliuzwa sokoni, wakiziona kwa macho. Kila jioni walisomewa hotuba kwamba hataondoka mtu. Halafu asubuhi moja ikaja helikopta. Kamanda akapanda, na mke wake, na friji.

"Na mbwa," alisema Jacques. "Tulimwona mbwa anapanda, Prof. Walimbeba kama mtoto, asiumie. Mi nikawaangalia wenzangu, na kila mtu alikuwa anaangalia yule mbwa. Hakuna aliyesema kitu. Tukaacha njia wazi, tukaenda."

"Njo ile asubuhi," alisema Ildephonse polepole, akisema njo badala ya ndiyo, kama rafiki yake, bila kukusudia.

"Njo ile."

Kisha akatoa na lililobaki, kwa kuwa alikuwa ameshafungua mdomo. Siku ya nne msituni, miguu ikiwa imeoza ndani ya buti, alikutana na mzee anasukuma baiskeli yenye madumu ya mawese. Alimwelekezea bunduki. Mzee alimwita mwanangu, akamwomba amwachie mafuta tu. Jacques akafungua kamba, akayashusha madumu kwa mikono yake mwenyewe, akayapanga kando ya njia, akachukua baiskeli.

"Sikumuua. Lakini yule mzee alikuwa amefanana na baba yangu."

Ildephonse alimshika bega, na machozi yalikuwa yakimtoka yeye, si Jacques.

"Maman Valérie asijue," alisema Jacques. "Mdogo wake..."

"Nani atamwambia? Imezikwa hapa." Mwalimu akajigusa kifua.

Na wakati ule alisema kweli. Hilo Jacques hakulikana hata baadaye, alipokuwa hataki kumkubalia lolote.

Somo la mwisho lilikuwa mwezi wa kumi na moja. Siku hiyo mchungaji alileta mgeni, mama wa Kizulu mwenye miwani, mkuu wa koleji ndogo ya wanaorudia matriki, mtihani wa kumaliza sekondari. Alikuwa akitafuta mwalimu wa historia, akataka kumwona Ildephonse akifundisha. Ildephonse alivaa tai ya kuazima. Kwa heshima ya mgeni alifundisha kwa Kiingereza, na baada ya kila kipande aliwarudia watu wake kwa Kiswahili.

Alianza vibaya. Aliharakisha, akataja tarehe nyingi, akachanganya majina. Alisimulia habari za Stiliko, jenerali mwenye damu ya kigeni aliyeitetea Roma maisha yake yote, kisha Kaisari akasikiliza majungu, akamkata kichwa. Familia za askari wa kigeni zikachinjwa mijini, na askari wenyewe, maelfu, wakahamia kwa adui. Habari ilikuwa nzito, lakini aliisoma kama mtu anayesoma bei. Mama wa koleji alitazama saa yake. Ildephonse aliliona jicho lile likishuka kwenye saa.

Akaacha karatasi zake mezani. Akaja mbele, akaanza kusema taratibu, kwa sauti ile nyingine, sauti ya Jumapili zote nzuri.

Kiingereza cha Jacques kilikuwa cha saluni, cha kuuliza fupi au ndefu. Alishika neno moja moja. Askari. Helikopta. Akafikiri hakusikia sawasawa. Kisha akasikia mbwa. Mama wa koleji alikuwa ameinua kichwa, hatazami saa tena. Kisha akasikia baiskeli, akajua, na bado Kiswahili kilikuwa hakijaja. Alikuwa na nafasi ya kuinuka atoke nje. Akabaki kitini. Alimtazama Ildephonse akimwomba kwa macho, na Ildephonse alikuwa akiwatazama watu wote isipokuwa yeye.

Kiswahili kikaja, chote, mpaka madumu yaliyopangwa kando ya njia.

"Dola haianguki adui anapofika," alimaliza Ildephonse. "Inaanguka aliye mlangoni anapojiuliza, ninamlindia nani? Roma ilikufa hivyo. Na sisi tumeona ikifa tena kwa macho yetu."

Mama wa koleji akauliza kitu kwa Kiingereza. Alitaka kujua kama kisa hicho ni cha kweli au ni cha kufundishia tu.

Ildephonse angeweza kusema ni cha kufundishia. Angeweza kusema kilitokea kwa mtu wa mbali. Alisita kidogo, uso ukimwaka kwa furaha ya kusikilizwa, kisha akanyoosha mkono.

"Ni cha kweli, madamu. Mwenyewe yuko hapa. Jacques, ndugu yangu, simama wakuone."

Jacques hakusimama. Haikusaidia. Viti vililia sakafuni, watu wakimgeukia. Maman Valérie, aliyeketi kando yake, hakugeuka. Alichukua mkoba wake uliokuwa baina yao, akauweka upande wa pili, akaendelea kutazama mbele.

Kesho yake Jacques alifika saluni kama kawaida, kwa sababu hakujua pa kwenda. Valérie alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja.

"Ulipita Bukavu?" aliuliza.

"Hapana, Maman. Naapa. Sisi tulikuwa Kisangani tu, halafu msituni."

"Nakuamini. Ile baiskeli mi sina maneno nayo. Mungu ataongea na wewe juu ya baiskeli. Lakini mi nililia mbele yako, Jacques. Nilikuonyesha picha ya Léonce. Ukaniambia pole, na ulikuwa umevaa nguo moja na wale. Mwaka mzima umekula bugali yangu na ile pole ndani ya mdomo."

"Ilikuwa pole ya kweli, Maman."

"Basi ungenipa yote. Ningekufukuza siku ile, halafu pengine ningekuita tena. Sasa juu ya nini nikuite? Nimeambiwa na Mrundi, mbele ya watu, pamoja na mgeni."

Kwa usiku mzima Jacques alikuwa amejiona yeye ndiye aliyesalitiwa, na alikuwa amekaza moyo juu ya hilo kama mtu anayeshika fimbo. Sasa akaona fimbo ina ncha mbili. Alikusanya mashine yake na taulo zake. Mlangoni Valérie alimwita, akampa bakuli la plastiki alilokuwa akilia chakula, limeoshwa.

Ildephonse alikuja chumbani kwake Jumamosi. Alikuwa amepata kazi ya koleji. Alisimama mlangoni na mfuko wa ndakala mkononi.

"Nimekukosea," alisema. "Nilikuwa nazama, mdogo wangu. Uliona. Yule mama alikuwa anaondoka."

"Niliona."

"Na habari ilikuwa ya kweli. Ulisikia ukumbi ulivyonyamaza. Watu walielewa. Kwa mara ya kwanza walielewa kweli kwa nini..."

Jacques alimtazama mpaka mwalimu akaishiwa maneno.

"Nilikupa wewe," alisema Jacques. "Sikuwapa watu. Ungetaka niseme mbele ya Maman Valérie, ungenisukuma niseme mwenyewe. Ungenisukuma hata kwa nguvu. Sasa umesema wewe, mi nimebaki bila hata la kukiri."

"Nafasi yangu Clairwood iko wazi. Nimeongea na msimamizi. Anakungoja."

"Enda, Prof."

"Jacques..."

"Enda na samaki yako."

Kwa wiki tatu Jacques alitafuta kazi nyingine. Alijaribu saluni nne, lakini habari ilikuwa imemtangulia kote, na kote ilikuwa imeongezewa. Kwenye moja walisema aliua mzee. Kwenye nyingine walisema alikuwa mwenye helikopta. Mwisho, kodi ya chumba ikimsubiri, alikwenda Clairwood. Msimamizi hakumuuliza lolote ila kama mgongo wake ni mzima, akamwonyesha makatoni.

Masomo ya Jumapili hayakuendelea. Jacques aliyasikia hayo kwa wengine, maana alikuwa amehamia kanisa jingine, la Wazulu, ambako hakuelewa mahubiri na hakuna aliyemwuliza ametoka wapi. Maman Valérie alimwajiri kinyozi Mkenya. Mara moja Valérie alikutana na Jacques sokoni, kwenye meza ya viazi. Alimwuliza kama anakula. Jacques alijibu anakula. Kila mmoja akachagua viazi vyake.

Mwanzo wa mwaka uliofuata, lori la ghala lilisimama kwenye robot, taa za barabarani, katikati ya mji, na Jacques alikuwa nyuma, juu ya mizigo. Ildephonse alikuwa akivuka barabara na vijana watano au sita wa koleji. Tai sasa ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa akisema huku anatembea, mikono hewani, na wale vijana walikuwa wakimkimbilia wasikose neno. Aliinua macho, akamwona Jacques, akanyamaza katikati ya sentensi. Akainua mkono.

Mkono wa Jacques nao ukainuka, wenyewe, kabla hajauzuia, kwa mazoea ya kumpenda. Taa ikawa ya kijani na lori likaondoka. Alijilaumu kwa ule mkono njia nzima mpaka Clairwood.