Karafuu na Kanuni ya Kumi na Nne

Jana mchana, nimeshiba makande na nimejilaza mkekani barazani nikingoja kikao cha saa kumi, niliota nimeitwa kuamua kesi kati ya mpira na goli.

Sikushangaa. Mimi ni katibu wa kamati ya mashindano ya kata yetu ya Kwamkuyu, na katibu huitwa kila penye ugomvi. Nikachukua daftari la kanuni, nikavaa viatu, nikaenda uwanjani. Uwanja ulikuwa sebuleni kwangu.

Ili unielewe, kwanza nikueleze kanuni yetu ya kumi na nne. Fainali ikipata mshindi, mshindi huchukua kombe, na mbuzi wa mashindano huvishwa skafu, akazungushwa mtaani, kisha akarudishwa kwao. Fainali ikiisha bila kufungana, mbuzi huchinjwa hapo hapo, pilau linapikwa, na timu zote mbili zinakula pamoja na watazamaji. Waliotunga walitaka watu wapatane. Basi wamepatana mpaka imekuwa kero. Fainali tatu mfululizo hatujaona bao, hata la kuotea. Mabeki wanabutua, washambuliaji wanainama kufunga kamba za viatu, na ikifika dakika ya sitini watazamaji wameshaanza kunawa mikono.

Mwaka huu mbuzi ametoka kwangu. Tuseme ukweli, ametoka kwa mke wangu Sikudhani, aliyemlea kwa chupa tangu akiwa mchanga wa kubebwa, akamwita Karafuu. Mimi nilisimama kwenye mkutano wa hadhara, mdomo ukanitangulia, nikamtoa Karafuu mbele ya kata nzima bila kumuuliza mwenyewe. Fainali ni Jumapili. Tangu siku hiyo Sikudhani ananipa chakula, ananiwekea maji ya kuoga, na neno hanipi. Na mimi kimya. Nimekaa nyuma nikingoja yaishe yenyewe.

Badala ya kusema naye nikaandika pendekezo, tulipigie kura jana hiyo hiyo: kila dakika kumi zikipita bila bao, kila timu itoe mchezaji mmoja, uwanja ufunguke, watu washambulie. Kwa wajumbe nilisema ninapigania soka. Nilikuwa napigania mbuzi.

Sasa turudi sebuleni.

Mpira umekaa kwenye kiti changu, umevaa miwani. Goli limesimama karibu na kabati, limeinama kidogo kwa sababu ya dari.

"Katibu," unasema mpira, "fainali tatu sijaingia wavuni. Njia yenyewe nimeisahau."

"Mimi sina hatia," linajibu goli. "Mlango wangu uko wazi siku zote. Humu ndani nina buibui, sasa ana wajukuu."

Mtambaa panya, ule mti wa juu wa goli, unakohoa. "Mimi kubadili kanuni sitaki. Kuzuia nako ni kazi. Beki anatoka jasho kama mtu mwingine yeyote."

Naona hilo ni kweli, naliandika.

"Nani amekataa watu kuzuia?" unasema mpira. "Ninachokataa ni watu kukubaliana kabla filimbi haijalia."

Hilo nalo naona ni kweli. Naliandika chini ya lile la kwanza. Ukatibu ndio huo.

Filimbi inaingia peke yake, imevaa kaptula nyeusi. Inasema, "Dakika kumi zimepita. Atoke mmoja."

"Hiyo kanuni haijapigiwa kura," nasema.

"Umeiandika kwa wino," inajibu.

Ukuta wa upande wa jikoni unasimama, unaniaga kwa heshima, unatoka. Dakika kumi nyingine zinapita, upesi kama chafya. Linatoka kabati. Vinatoka viatu vyangu, kimoja kimoja, vinapeana nafasi mlangoni. Kisha anainuka Mzee Semboja, mwenyekiti wetu, ambaye muda wote alikuwa kwenye kona akinawa mikono katika beseni.

"Katibu, mimi natoka," anasema. "Ila usisahau, kisichoandikwa daftarini hakipo." Maneno hayo huyasema kila kikao, hata tukijadili soda. Anajifuta mikono kwa kibendera cha kona, anaondoka.

Mwisho inatoka dari, na goli linanyoosha mgongo. Tuko uwanjani kweli sasa. Majani mabichi, chokaa mpya. Nimebaki mimi, mpira, filimbi na golikipa. Golikipa amefunga kanga kiunoni, mikononi ana vile vitambaa vya kuepulia sufuria. Ni Sikudhani. Nyuma ya wavu Karafuu amefungwa kwenye nguzo, anatafuna taratibu.

"Mama Mwanaidi," nasema.

"Baba Mwanaidi," anasema.

Siku sita sijaitwa na mtu huyu. Nilifurahi, nikatafuta la kuuliza.

"Ni dakika ya ngapi?"

"Ya themanini na nane. Ukifunga, Karafuu anarudi nyumbani. Usipofunga, wenzako wameshawasha moto."

Natazama pembeni. Sufuria tatu ziko mekoni, kitunguu kimeanza kunukia, na watu wa Kwamkuyu wamekaa chini na sahani zao, wametulia, hawana ubaya na mtu. Nasogea nyuma hatua tano, nakuja mbio, napiga.

Mpira hausogei. Kidole gumba kinauma.

"Mimi na wewe hatuendi mbele," unasema.

"Kwa nini?"

"Wiki nzima unacheza nyuma. Mwenzako akikutazama, unatazama redio. Akinyamaza, unakimbilia kikaoni. Nyumbani kwako unabutua tu, halafu unakuja hapa kuwaandikia watu kanuni ya kushambulia."

Nilikasirika, kwa sababu ulikuwa unasema kweli na mimi ni katibu. Nikaigeukia filimbi. "Kuna kanuni ya kuulazimisha mpira uende?"

"Hakuna."

"Na ya kumlazimisha mtu aseme lililo moyoni?"

"Hiyo hata ukiiandika hakuna refa wa kuisimamia."

Basi. Nauacha mpira pale ulipo, nakwenda golini kwa miguu, peku, chokaa ikinichoma nyayo. Nasimama juu ya mstari. Naogopa kuliko siku niliyopeleka posa kwao.

"Sikudhani, nimekosa," nasema. "Karafuu ni wako, ilinipasa nikuulize kwanza. Niliogopa ungekataa nikakosa cha kutamba nacho mbele za watu. Hilo tu, sina jingine."

Anavua vile vitambaa, kimoja, kisha cha pili, anavikunja. Hapo mpira unaondoka wenyewe, unabingirika polepole, unapita katikati yetu kama mtu anayeingia kwake, unalala wavuni. Buibui anawasogeza wajukuu.

"Bao," inasema filimbi.

Hakuna aliyeshangilia. Watu wanaweka sahani chini, wengine wamenuna kidogo. Karafuu ananyoosha shingo, anachomoa daftari kwapani mwangu, analifungua kwa midomo, anasoma ukurasa mmoja hadi mwisho, kisha anaula.

"Lina chumvi," ananiambia, akinirudishia.

Nikaamka.

Saa ilikuwa tisa na nusu. Daftari lilikuwa juu ya mkeka kando yangu, wazi. Kanuni ya kumi na tatu ilikuwapo, ya kumi na tano ilikuwapo. Katikati kilibaki kipande cha karatasi kimelowa, kina alama za meno. Karafuu alikuwa mtini kwake, mafundo mawili kama nilivyomfunga asubuhi, na kamba yake haifiki barazani. Niliipima, imepungua hatua nane.

Nilikaa nikafikiri. Nikamkumbuka Mzee Semboja na maneno yake ya kila kikao. Halafu nikalichana pendekezo langu, maana pilau likishaondoka mezani wale vijana watatafuta bao wenyewe, wala hakuna haja ya kumtoa mtu uwanjani.

Ila kikaoni sikuanza. Nilianza jikoni. Sikudhani alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, nami nikasimama mlangoni, mikono sijui niiweke wapi.

"Sikudhani," nilisema, "nimekosa. Karafuu ni—"

"Hilo umeshasema," alisema, macho hajayainua kwenye ungo. "Dakika ya themanini na nane. Nusura uchelewe."