Mlango Uliohama

Fundi Mashoto alitengeneza karibu kila mlango wa mji ule mdogo, na akafa akiwa anaishi nyuma ya mlango wa bati. Wahenga walishasema mganga hajigangi, lakini huyu alizidi. Bati lenyewe lilikuwa limekunjamana, limefungwa kwa waya, na upepo ukivuma lilipiga kelele kama masufuria yanayogombana. Kila mgeni aliyeingia aliuliza sababu, na mke wa fundi, ambaye mji mzima ulimwita Mama tu, alimjibu kwamba amuulize mwenyewe mlango wake kaupeleka wapi.

Maana mlango ulikuwepo. Hilo ndilo lililomchoma Mama miaka yote. Kabla hawajaoana, Mashoto alimwita karakanani akamwonyesha mbao nzito nyekundu, alizozipiga randa mpaka zikateleza, akamwambia huo ndio mlango wa nyumba yao. Akampa nyundo apige msumari mmoja kwa mkono wake. Mama hakuwahi kushika nyundo. Aliupiga ukapinda, akaupiga tena kwa hasira, ukalala ubavu kabisa, pale chini upande wa kitasa. Alitaka ung'olewe. Mashoto akakataa, akasema mlango usio na kosa la mwenye nyumba ni mlango wa dukani.

Waliishi nyuma ya mlango huo tangu harusi mpaka mtoto wa kwanza. Siku Mama aliporudi kutoka zahanati na kichanga mikononi, alikuta fremu tupu na shuka linapepea. Mashoto akacheka, akasema mlango umehama, atamtengenezea mwingine wiki ijayo. Alihojiwa asubuhi, akahojiwa jioni, akanuniwa, akanyimwa chai. Hakutoa jibu jingine mpaka anaingia kaburini.

Na wiki ijayo haikufika. Si kwamba alikuwa mvivu. Mtu yule alikula chakula cha mchana amesimama, kijiko mkono mmoja, msasa mkono mwingine. Alirudi nyumbani na unga wa mbao masikioni, akabeba watoto watatu juu ya mkokoteni kati ya mbao za wateja, akaimba nyimbo ambazo hakuna aliyezitambua kwa jinsi alivyozikosea. Lakini mwenye bucha alivunjiwa, shule ikaliwa na mchwa, mjane fulani akabaki nyumba wazi, na mlango wa Mama kila mara ukasogezwa nyuma ya foleni. Mama alikuwa na ulimi, na aliutumia. Bati halikubanduka.

Kisha, siku moja ya ugomvi wa kawaida wa mawifi, dada yake Mashoto akamwambia Mama kwamba badala ya kumsumbua kaka yake, akaangalie saluni ya msusi kule barabara ya sokoni. Akamweleza kwamba Mashoto alionekana akiingia pale jioni baada ya jioni, na kwamba mlango wa pale ni wa mbao nzito. Mama alikuwa na mdomo wa kila kitu, lakini hilo hakulisema kwa mtu. Alilimeza, likakaa.

Sasa Mashoto alikuwa ameshazikwa, na watoto wote watatu wako nyumbani. Kifungua mimba alikuwa mwalimu, mwanamke mwenye sauti ya kufukuza kunguru, na ilikuwa hadithi ya familia kwamba sauti hiyo aliipata kwa sababu alizaliwa huku fundi mmoja mjinga akigongagonga zahanati nzima. Wa kati alikuwa dereva wa lori. Kitinda mimba, binti mpole, alitengeneza simu. Walikaa kikao bila Mama, wakakubaliana kumwekea mlango wa chuma, kuwa kumbukumbu ya Baba. Fundi wa kuchomelea angekuja alasiri kupima.

Mama aliposikia, aliweka kikombe chini.

"Hakuna mlango utakaofungwa hapa kabla sijajua wangu uko wapi, na uko kwa nani," alisema. "Kama alimpa mwanamke mwingine, nijue leo. Nimelia vya kutosha. Nataka kujua nimemlilia nani."

Watoto wakatazamana. Hawakuwahi kusikia habari ya mwanamke mwingine. Kitinda mimba akaanza kusema kwamba Baba hakuwa mtu wa hivyo, lakini Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Kutafuta mlango wa Mashoto si kazi, kazi ni kuukosa. Mzee alitumia mkono wa kushoto, ndiyo maana ya lile jina, na milango yake yote aliifunga kwa kufuata mkono wake, kitasa kushoto, bawaba kulia. Mji mzima ulizoea. Mgeni alitambulika kwa kuhangaika upande wa bawaba, akisukuma na kutoa jasho, mpaka mtoto apite amfungulie. Kwa hiyo Mama na wanawe walipita barabara ya sokoni wakiinama kwenye kila mlango wenye kitasa kushoto, wakitafuta msumari uliolala, na watu wakatoka kuuliza nini kimepotea.

Hapo ndipo mambo yalipopamba moto. Walipotaja mlango wa Mashoto, kila mtu alikuwa na wake. Mwenye mashine ya kusaga aliwavuta ndani awaonyeshe komeo ambalo mzee alilifunga akiwa na homa, anatetemeka, maana aliahidi. Mwenye bucha alifungua na kufunga mlango wake mara kadhaa ili wasikie usivyolia. Mlinzi wa shule aliwaambia kwamba mlango wa darasa la nne Mashoto aliupaka mafuta kila muhula bila kuombwa, kwa sababu mwanawe alikuwa anachelewa na hakutaka asikike akiingia. Dereva wa lori, mwanamume wa mabega mapana, aligeukia ukutani akapenga kamasi. Alikuwa akijidhania hodari wa kunyata.

Kufika mbele ya saluni walikuwa na mkia wa watu nyuma yao, na wifi mtu yumo, katokea kusikojulikana. Wote walikuwa wachangamfu kama wanaokwenda mpirani. Mama peke yake alikuwa na jambo lake. Mlango wa saluni ulikuwa wa mbao nzito kweli. Kitasa kilikuwa kushoto.

Mama hakubisha hodi. Alipiga magoti palepale barabarani na kupapasa chini ya mlango, na msusi, mwanamke wa rika lake mwenye kitana kichwani, akaufungua akamkuta hapo miguuni.

Chini palikuwa laini. Hapakuwa na msumari.

Mama alisimama taratibu, akapangusa magoti, na kwa kuwa alikuwa ameshafika, akauliza alichokuja kuuliza. Mume wake alikuwa akifuata nini humu jioni?

Msusi aliwatazama watu wote wale, akamtazama kifungua mimba, akatabasamu. Akaeleza kwamba mwaka ule Mama alipolazwa kwa muda mrefu, mwalimu wa shule alimrudisha mtoto nyumbani kwa sababu nywele zilikuwa timutimu. Mashoto akaja kuomba kufundishwa kusuka. Alikuja kila jioni, akakaa kwenye kigoda kile pale, akasuka kichwa cha sanamu kwa vidole vilivyojaa gundi ya mbao. Aliwaapisha wote wasiseme, maana karakanani wangemcheka.

"Ile misuko," alisema kifungua mimba, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilikuwa imepinda kama njia ya mlimani. Nilimwambia Baba aache, nilikuwa nachekwa."

Wifi mtu alikuwa ameanza kuangalia angani. Mama alimtazama kwa muda wa kutosha. Kisha akaona haya, na furaha, na bado hajui mlango wake uko wapi.

Msusi ndiye aliyeuliza msumari huo ulikuwaje. Alipoelezwa umelala ubavu, chini, upande wa kitasa, akashika kiuno. Alisema anaufahamu. Ulimchania gauni jipya siku aliyokwenda kujifungua. Uko zahanati, mlango wa chumba cha kuzalia.

Safari ya kwenda zahanati haikuwa ya kutembea. Mama mwenyewe, na goti lake bovu, alitangulia, na dereva wa lori alitweta nyuma akimwambia asubiri. Kichwani mwake Mama alikuwa anabishana. Haiwezekani. Chumba kile alikiingia mara tatu kwa watoto watatu, angeujua mlango wake. Lakini mlango wa zahanati ulikuwa wa kijani, rangi juu ya rangi, na mwenye uchungu hakagui misumari. Kitasa alikikamata kwa mkono wa kushoto bila kufikiri, kama alivyokamata kila kitasa cha mji ule.

Walikuta umefungwa. Ndani kulikuwa na mzazi, na kijana mmoja, mume wake bila shaka, amekaa kwenye benchi akitafuna kola ya shati lake. Mama alipiga magoti tena. Alitoa ufunguo akakwangua rangi pale chini. Kijani kikatoka, chini yake kijani kingine, halafu bluu, halafu chuma chenye kutu kilicholala ubavu.

 Aliweka kidole juu yake.

"Nani anakwaruza mlango wangu?" sauti ilitoka ndani. "Mwambieni mwenye panya amfunge."

Wakasubiri. Umati ulibanana pale mlangoni, mpaka kilio chembamba kikapasua chumba, na kijana wa benchi akainuka, akakaa, akainuka tena, na watu wasiomjua wakamkumbatia. Mkunga mzee, yuleyule aliyewapokea watoto wa Mama, alifungua akitaka kufoka. Akamwona Mama chini na ufunguo mkononi, akaelewa mara moja.

"Umechelewa sana kuja," alisema.

Alikaa kwenye benchi akamweleza. Siku ile ya kifungua mimba chumba kilikuwa na pazia tu, mvua na upepo vinalirusha, na Mama alikuwa akipiga kelele kwamba hazai mbele ya watu. Mashoto akatoka mbio. Manesi wakasema huyo kakimbia kama wengine. Akarudi amelowa chapa chapa, mlango kichwani, misumari mdomoni, akaanza kuufunga huku uchungu umepamba.

Mama aliinua uso. "Yule aliyekuwa anagongagonga?"

"Ndiye."

"Nilimwita mbwa."

"Hukuishia kwa mbwa," alisema mkunga. "Yeye alikuwa anacheka, nikaogopa atameza msumari. Kesho yake nikamwambia auchukue, akasema kuna mke wa mtu mwingine anakuja."

Mama alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, na hakuficha kimojawapo. Alipopata sauti aliuliza kwa nini Mashoto hakumwambia. Angemwelewa. Maisha yote yale kamnunia bure.

"Nilimuuliza hilo hilo. Akaniambia, 'Nikimweleza atanisamehe papo hapo. Na akinisamehe, ule mwingine sitautengeneza. Mimi najijua.'"

Dereva wa lori alisema ana bisibisi na nyundo garini, mkunga akubali tu, mlango wa Mama unarudi nyumbani leo, na wa chuma utakuja hapa. Watu wakaitikia kwa shangwe. Mama alitazama kupitia uwazi wa mlango, akamwona msichana aliyejifungua amelala, amechoka, hakuna anayemchungulia. Akauvuta mlango ukafunga. Haukulia.

"Uacheni," alisema. "Umeshazoea kazi."

Nyumbani, fundi wa kuchomelea alikuwa akisubiri na futi yake. Mama alimpa maji ya kunywa, akamshukuru, akamuaga. Kisha akawafungulia wanawe karakana ya baba yao, mwalimu na dereva na fundi simu, watu ambao hata kigoda hawajawahi kukitengeneza. Randa zilikuwa zimepangwa upande wa kushoto. Mbao nyekundu, zilizokatwa zamani kwa kipimo cha fremu ya nyumba ile, zilikuwa zimelazwa nyuma kabisa, chini ya kazi za watu wengine.

Kitinda mimba alizipangusa vumbi. Akauliza polepole, "Mama, lakini si umeshamsamehe?"

Mama alikuwa anachagua msumari kwenye kopo.

"Bado," alisema. "Mlango haujaisha."