Polenta ya Uwele

Mimi si mtu wa kuchezewa jikoni, na bosi wangu Habibu anajua. Ndiyo maana alisimama mlangoni akasema kwa mbali: "Mama Restuta, yule bibi Mwitaliano amerudisha sahani mara nne. Leo kaomba polenta, ugali wa kwao. Akirudisha na hiyo, Jumatatu naleta mpishi mwenye cheti."

Tangazo la kazi alikuwa ameshaliandika. Lilikaa kaunta chini ya chupa ya pilipili, na kila aliyeingia nyumba yetu ya wageni hapa Ipagala alilisoma. Miaka kumi na mmoja nimepika pale. Iliniuma, sitaficha.

Maelekezo aliyonipa yalitaka unga wa mahindi ya njano, upikwe laini, umwagwe kwenye sahani. Unga wa njano nikautafuta soko zima, hakuna. Nikampigia binti yangu Restuta, anayesoma lugha chuoni Chimwaga.

"Mama, tumia uwele," akasema. "Polenta ni neno la Kilatini, lilikuwepo kabla ya mahindi yao. Warumi waliita hivyo shayiri iliyopondwa. Baadaye watu wakasonga nafaka nyingine ndogondogo, jina likabaki. Mahindi yalipotoka Amerika yakalirithi. Halafu Waitaliano wakayaita nafaka ya Mturuki, kama sisi tulivyoyasingizia Uhindi."

Nilicheka peke yangu. Hata kwetu Ugogoni ugali ulikuwa wa uwele na mtama, mpaka mahindi yalipokuja kupanga chumba, yakajifanya mwenye nyumba.

Uwele sikosi, mama hunitumia kutoka Mvumi. Nikachemsha maji, nikaanza kusonga. Kwenye ulaini ndipo nilipogoma. Kwetu mgeni hapewi ugali wa kumwagika. Huo ni wa mgonjwa, au wa nyumba iliyoishiwa unga. Mama angesikia, angenikana. Nikaongeza unga, nikasonga mpaka bega likaniuma, nikaugeuza juu ya ubao wa kukatia, mzima, unafuka mvuke.

Habibu alipouona alishika kichwa. "Umetumaliza! Si nilikwambia laini?"

"Mwenye njaa ni yeye. Mwache aseme mwenyewe," nikamjibu, nikaubeba ubao.

Nikamwamkia yule Mwitaliano, bibi Ornella, nikamwekea ubao mezani pamoja na mchuzi wa kuku. Aliutazama bila kuugusa, nami nikaanza kuiaga kazi yangu kimoyomoyo. Kisha, kwa Kiswahili chake cha kujikongoja, akaomba uzi.

Uzi! Nikamletea wa kushonea. Akaupitisha chini ya ugali, akauvuta juu kwa mikono miwili, kipande kikakatika kimenyooka. Akachovya, akala. Akakata kingine.

"Bibi yangu alipika hivi, kule milimani," akasema, machozi yanamlenga. "Juu ya ubao. Kwa uzi. Hotelini wote wanamwaga kwenye sahani. Mimi si mgonjwa."

Nilishindwa kujizuia, nikamkumbatia. Alimaliza ubao mzima, akauliza kesho kuna nini.

Habibu akaenda kaunta, akalichukua lile tangazo, akaligeuza nyuma palipo peupe. Akatoa kalamu.

"Chakula cha kesho niandike nini, Mama Restuta? Polenta?"

"Andika ugali wa uwele," nikamwambia. "Wenye polenta watautambua."