Urea Kwenye Hori la Wifi

Huu mwaka wa pili mimi na wifi yangu hatusemezani. Ni dada wa marehemu mume wangu, na siku ya mazishi alisema mbele za watu kwamba mimi ndiye niliyemmaliza kaka yake. Sijamsamehe na sina mpango huo. Ila banda tuliloachiwa ni moja, limegawanywa kwa mbao, ng'ombe wake kule, wangu huku, basi kila alfajiri tunakamua tumepeana migongo.

Tukitaka kuambiana kitu, tunawaambia ng'ombe. "Kunywa maji, mama, maana kuna watu hata kufagia hawajui," anamwambia wake. Nami namwambia wangu, "Kula, mwanangu, mwenye wivu ajinyonge." Vijembe havikosi hata siku moja, na kuna usiku nimelala natunga cha kesho yake.

Kiangazi kilipobana nyasi ziliisha, tukabaki na mabua ya mpunga, makavu kama kamba. Maziwa yakashuka kutoka lita kumi hadi tatu. Bwana mifugo akanifundisha kuyalainisha yale mabua: kilo nne za urea, mbolea ileile ya shambani, unaikoroga kwenye maji mpaka iyeyuke yote, unanyunyizia kilo mia za mabua, unashindilia shimoni na kufunika turubai pasipite hewa. Wiki tatu. Ukifunua, unaacha upepo uondoe ule ukali, ndipo unalisha kidogo kidogo.

"Urea mbichi ni sumu," alinionya. "Usicheze nayo."

Wifi alicheka wiki zote tatu. "Shukuru Mungu, mama," alimwambia ng'ombe wake. "Wenzako wanapikiwa mikojo." Harufu ilikuwa inachoma pua, sikatai. Lakini nilipofunua, mabua yalikuwa laini, na ng'ombe wangu akayafagia mpaka chini. Baada ya wiki mbili nilikuwa nakamua lita saba. Wifi akaacha kucheka. Ng'ombe wake mbavu zilikuwa zinahesabika, na yeye hana mume wala shamba. Yule ng'ombe ndiye aliyekuwa anamlisha. Angeniuliza ningemwambia? Sijui. Hakuniuliza.

Asubuhi moja nikamwona anaingia na kopo la urea. Akaimwaga mbichi horini, chenga nyeupe juu ya mabua makavu, kama mtu anayetia chumvi, akarashia maji kidogo. Maneno yalikuwa mdomoni: wifi, acha, utamuua. Matatu tu. Lakini kumwita wifi, mimi, nianze mimi, baada ya yale aliyonisema kaburini? Nikamgeukia ng'ombe wangu.

"Mwanangu, una bahati. Chakula chako kilifunikwa wiki tatu. Kuna wenzako wanalishwa sumu na wenyewe."

Alisikia. Nilimwona mkono umesimama. Kisha akanikata jicho, akachota konzi nyingine, akaongeza.

"Kula, mama," akasema. "Wenye roho mbaya wanataka washibe peke yao."

Sijamaliza hata kukamua, ng'ombe wake akaanza kutetemeka, povu mdomoni, tumbo limevimba. Nikakimbilia ndani kuchukua siki, maana bwana mifugo alisema siki na maji mengi huweza kusaidia. Nikarudi mbio na chupa mbili na ndoo.

"Wifi, mshike kichwa nimnyweshe."

Alisimama mlangoni na uma wa kuzolea samadi. "Usimguse. Kaka yangu ulimmaliza, huyu humpati."

"Atakufa, mjinga wewe."

Tukasukumana hapohapo, watu wazima wawili, mpaka tukasikia kishindo nyuma yake. Ndipo akanipisha. Nilimimina siki yote, ikatokea pembeni mwa mdomo. Ng'ombe alikuwa hamezi tena.

Wifi akakaa sakafuni, kwenye uchafu, akaweka mkono juu ya shingo ya mnyama wake.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilisema."

"Ulimwambia ng'ombe wako."

Nilitamani anitukane, nimrudishie, tuendelee kama kawaida yetu. Hakunitukana.

"Ungeniita tu," akasema. "Ningeacha."

Nilitaka kumjibu kwamba ni uongo, kwamba asingeacha hata ningempigia magoti. Lakini sikuwa nimejaribu.