Mchepuo wa Biashara

Fomu ya kuchagua mchepuo ilipofika, mwishoni mwa kidato cha pili, Konsolata hakuijaza peke yake. Baba yake, Faustino, alikuwa amelala pale nyumbani Kiberege, kifua kimemkaa vibaya baada ya miaka kumi na tisa ya kukata miwa.

"Weka alama kwenye biashara," alisema. "Kule shambani, mtu niliyemwona akitoka kazini na shati safi ni mhasibu tu. Nataka na wewe utoke hivyo."

Konsolata akaweka alama. Naye aliitaka kazi hiyo, ila si kwa ajili ya shati. Alipenda kitu ambacho kikiwa sawa kiko sawa, hata mkubwa akikasirika.

Januari walipofungua shule, Mwalimu Agapiti, aliyekuwa mwalimu pekee wa biashara, alikuwa amehamishwa. Waliochagua mchepuo huo walikuwa sita. Wakaambiwa waende sanaa, mwalimu mwingine akipatikana wataitwa. Hakupatikana.

Jioni ya siku ile ya kufungua shule alimkuta baba yake amejiinua kitandani, ameegemea ukuta, anamsubiri.

"Haya, mama, mmeanza na nini?"

Konsolata alimtazama mama yake, Brigitha, aliyekuwa mlangoni akipepeta mchele. Kisha akasema, "Tumeanza na leja, baba, daftari la hesabu."

Uongo ukishazaliwa hudai kulishwa. Kesho yake alikwenda kwa jirani yao Stanislaus, fundi pikipiki, aliyewahi kusoma biashara zamani, akapewa kitabu cha utunzaji wa hesabu kisicho na jalada. Akawa anakisoma saa za mapumziko, na jioni anamsimulia baba yake.

"Kila jambo linaandikwa mara mbili. Kilichoingia huku, kimetoka kule."

"Na kikipotea njiani?"

"Urari unakataa. Pande mbili hazilingani."

Faustino alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Wageni waliokuja kumjulia hali walisimuliwa habari za leja kabla hawajakaa. Kila siku baba alipozidiwa Konsolata hakwenda shule, na vipindi vya hisabati vilimpita hivyo hivyo, wiki baada ya wiki.

"Utamwambia lini?" Brigitha alimuuliza siku moja wakiwa shambani.

"Akipata nafuu."

"Hapati nafuu, Konso."

Mwezi wa tano wa kidato cha nne, Faustino alilazwa hospitalini Ifakara. Mwalimu Deogratias, mwalimu wa darasa la Konsolata, alikwenda kumwona na machungwa mkononi. Alikuwa mtu mpole.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Kaa. Nakushukuru kwa hilo somo la uhasibu. Huyu binti ananifundisha hata mimi."

Konsolata alikuwa ameshika bakuli la uji. Aliinama, akaendelea kuukoroga.

"Somo hilo hatuna, mzee wangu," Deogratias alisema. "Tangu Agapiti ahame. Konsolata yuko sanaa."

Mwalimu hakujua alichokivunja. Alikaa kidogo, akaaga, akaondoka.

"Kweli?" Faustino aliuliza.

"Kweli, baba."

"Mwaka na nusu?"

"Ndiyo."

"Na yale ya leja?"

"Nilisoma kitabuni mwenyewe." Alidhani labda hilo litampoza.

"Ningejua," Faustino alisema, "ningekwenda kwa mkuu wa shule wakati ule bado naweza kujikongoja. Ningekutafutia shule nyingine. Sasa sitembei."

Akageukia ukutani.

Aliishi siku tisa zaidi. Aliomba maji, aliuliza kama mpunga umeshavunwa, aliuliza habari za jirani. Kila jioni Konsolata alikaa kando ya kitanda akisubiri aulizwe amesoma nini. Hakuulizwa tena.

Mtihani wa kidato cha nne aliufanya. Kiswahili na historia alipata C, masomo manne D, hisabati F. Chuo cha uhasibu alichokitaka kiliandika wazi kwamba hakipokei mtu aliyefeli hisabati. Akaenda Ifakara kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akajaza masomo mawili: hisabati na utunzaji wa hesabu.

Karani aliitazama fomu. "Hili la pili shuleni hukulisoma."

"Sikulisoma shuleni."

"Rudia hisabati peke yake, dada. Usijitwike mzigo."

"Niandikie yote mawili."

Mwaka huo alisoma tuisheni ya hisabati Mlabani, pale Ifakara, siku mbili kwa wiki, na siku zilizobaki alikuwa na mama yake shambani. Mwalimu wa tuisheni alikuwa na wanafunzi themanini kwenye chumba kimoja. Konsolata alifika amechoka, akakaa nyuma, akanakili ubaoni vitu ambavyo hakuvielewa, akaona haya kuuliza.

Matokeo yalitoka wakati wa palizi. Alisomewa na jirani kwenye simu, pembeni ya jaruba la mpunga, miguu imo kwenye matope. Utunzaji wa hesabu, B. Hisabati, F.

"Ni mazuri?" Brigitha aliuliza.

"Moja ndiyo nzuri, mama."

"Hiyo moja inatosha chuo?"

"Haitoshi."

Brigitha alimsogelea, akamfuta tope lililomrukia shavuni, kisha wote wawili wakainama, wakaendelea kung'oa magugu.