Kura ya Marehemu Fidel

Jumapili ya kura, Februari 1973, Kreszenz Nigg alikuwa jikoni akipika tambi za jibini na vitunguu, huku wanaume wa kijiji cha Profal wakitoka kanisani kwenda kupiga kura. Ndivyo tulivyozoea Liechtenstein: misa, kura, baa, na wake watangulie nyumbani kupika. Safari hii wanaume walikuwa wanaulizwa kama wanawake nao wapige kura.

Mumewe, Fidel, alishuka kutoka makaburini kama kawaida yake. Alikufa zamani kidogo, lakini alikuwa hajakosa kura hata moja. Nyayo zake kwenye theluji zilianzia kwenye msalaba wa kaburi lake. Karani wa kura hakuwahi kumzuia, kwa kuwa Fidel alikuwa mzaliwa wa kijiji, alikuwa mwanamume, na sheria haikusema lazima mtu awe anapumua.

Kreszenz alimwonea wivu. Si kwamba alitaka arudi. Siku hizi kitandani alijinyoosha atakavyo. Lakini ng'ombe alikamua yeye, kodi alilipa yeye, na aliyeulizwa maoni ni marehemu. Tena dada yake Agatha, aliyeolewa ng'ambo ya mto Rhine kwa Waswisi, alikwisha kuruhusiwa kupiga kura, na kila akija kunywa kahawa lazima alitaje.

Basi akamsubiri Fidel getini na kola safi, aliyoitia wanga na kuipiga pasi.

"Za huko, Fidel?"

"Baridi tu, Kresi. Hiyo kola ni yangu?"

"Yako, ukinisikiliza. Leo andika ndiyo. Nimekupikia maisha yako yote, sijakuomba kitu."

"Makubwa hayo. Halafu utataka nini, uje ukae baa na sisi?"

"Nikitaka nitakaa. Andika ndiyo."

Fidel akainua shingo afungwe kola. "Haya mama, nimekusikia."

Akamfunga, akampangusa udongo begani, akamwacha aende. Yeye akarudi jikoni na kuunguza vitunguu.

Jioni karani alisoma matokeo mlangoni pa ukumbi wa kura. Nchi nzima wanaume walikataa. Pale Profal walikataa kwa tofauti ya kura moja.

Kreszenz aliingia baa na aproni yake. Fidel alikuwa amekaa na wenzake. Bia aliyokunywa ilidondoka chini ya kiti, na mwenye baa alishaweka beseni.

"Uliandika nini?"

"Kura ni siri, Kresi."

"Mwache mwenzio apumzike," mmoja akasema, wengine wakacheka.

"Fidel, nakuuliza."

Fidel akaitazama glasi yake. "Ningerudije kule juu? Nimelala kati ya baba na babu. Wangenisema mpaka kiama."

"Na mimi nikija huko, nitapiga kura?"

Fidel akafikiri, maana kwa mambo ya kaburini hakuwahi kumdanganya. "Tuliulizana mwaka juzi, wanaume wote wa kule. Tukakataa."

Kreszenz akamfungua kola, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni. Akaenda nyumbani kukamua.

Kura iliyofuata Fidel alishuka shingo wazi. Karani akamsogezea kiti. Kreszenz alikuwa dirishani na kola mkononi, akiutazama mlango wa ukumbi ukifungwa nyuma ya Fidel.